Mfinyanzi na Jina Lake: Thamani ya Chombo Kilichofinyangwa kwa Mkono

0. Utangulizi

Katika uhakiki wa Kiswahili, utenzi, riwaya na tamthilia vimepewa nafasi kubwa, na ndivyo ipasavyo. Chombo cha udongo hakikupewa nafasi hiyo. Kikitajwa, hutajwa katika masomo ya historia ya kale, ambako kigae ni ushahidi wa tarehe. Au katika masomo ya mila, ambako mtungi ni mfano wa desturi za kabila fulani. Ni nadra kusikia likiulizwa swali ambalo mhakiki wa shairi huliuliza tangu mwanzo: je, kazi hii ni njema? Na ikiwa ni njema, wema wake u wapi, na ni nani aliyeutia?

Swali hilo si la anasa. Masoko yetu yamejaa mabeseni ya plastiki na sufuria za alumini, vyombo vyepesi, visivyovunjika upesi, na vya bei nafuu. Chungu kinapokosa nafasi jikoni, hubaki na njia mbili: kife, au kipate thamani nyingine. Wengi huitafuta thamani hiyo katika neno moja tu, yaani “mkono”. Husema kwamba chombo ni cha thamani kwa kuwa kimefanywa kwa mkono, kana kwamba neno hilo latosha kufunga mjadala.

Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Dai letu ni kwamba thamani ya chombo kilichofinyangwa imo katika maamuzi ambayo mtu aliyafanya wakati kazi yake ilikuwa bado inaweza kuharibika, maamuzi ambayo jicho lililozoezwa laweza kuyasoma juu ya udongo uliokwisha kuchomwa. Ikiwa ndivyo, basi chombo kina mtunzi kama shairi lilivyo na mtunzi, na kumwacha mtunzi huyo bila jina ni kasoro katika uhakiki wenyewe. Tutaanza na maneno ambayo lugha yetu inatupa. Kisha tutaitazama hatari iliyomo katika kazi ya mkono. Halafu tutazisoma kazi za wafinyanzi wawili wa Afrika, Ladi Kwali wa Nijeria na Magdalene Odundo mzaliwa wa Kenya, tukiziweka karibu na vyombo vya kale vya Sanga, huku kwetu Katanga. Mwisho tutalirudia suala la jina.

1. Lugha imekwisha kusema nini

Kitenzi kufinyanga chatokana na kufinya. Anayefinya hubana kitu kwa vidole. Anayefinyanga huendelea kubana mpaka kitu kipate umbo. Hivyo Kiswahili hakikuiita kazi hii kwa jina la udongo, wala kwa jina la moto, bali kwa jina la tendo la vidole. Ufinyanzi, kabla ya kuwa aina ya vyombo, ni namna ya kugusa.

Neno sanaa nalo lastahili kuangaliwa. Lilitoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kutengeneza, na katika Kiswahili cha zamani msana alikuwa fundi, hasa mhunzi. Mgawanyiko tunaoukuta katika vyuo, ambamo upande mmoja umewekewa “sanaa” na upande mwingine “kazi za mikono”, haukuzaliwa ndani ya neno hili. Uliletwa na utaratibu wa shule na wa makumbusho, ambao uliweka picha ya rangi ukutani na kukiweka chungu katika kabati la vitu vya kikabila. Atumiaye neno sanaa kwa maana yake ya asili hana haja ya kuomba ruhusa ili amwite mfinyanzi msanii.

Tazama pia jinsi tunavyovitaja viungo vya chombo. Mtungi una mdomo, una shingo, una tumbo, una kitako. Maneno haya si mapambo: yanatupa msamiati kamili wa kuhakiki. Twaweza kuuliza kama shingo imetoka tumboni kwa utulivu au imebandikwa tu. Kama mdomo umegeuka nje ili kumwaga, au umesimama wima ili kuzuia. Kama kitako kinabeba uzito wa tumbo au kinaukimbia. Lugha hutofautisha pia kazi za vyombo: chungu ni cha kupikia, mtungi ni wa kuchotea na kuwekea maji, gudulia lenye shingo nyembamba ni la kupozea maji ya kunywa, kaango ni la kukaangia, chetezo ni cha kufukizia ubani. Kila jina ni hukumu iliyofupishwa, maana linasema ni umbo gani linafaa kwa kazi gani. Mhakiki wa Kiswahili, basi, haanzi mikono mitupu.

2. Mkono na hatari

Mwingereza David Pye, aliyekuwa profesa wa usanifu wa samani katika Royal College of Art ya London, alichapisha mwaka 1968 kitabu kuhusu asili ya ufundi ambacho chatusaidia hapa. Alikataa kuwatenga watu wa mkono na watu wa mashine, kwa sababu karibu kila mkono hutumia chombo fulani, na karibu kila mashine huongozwa na mkono fulani. Alipendekeza tofauti nyingine: kuna kazi ambayo ubora wake umekwisha kuhakikishwa kabla haijaanza, na kuna kazi ambayo ubora wake uko hatarini mpaka dakika ya mwisho.

Tofauti hiyo yaonekana wazi kabisa katika udongo. Atumiaye kalibu amekwisha kuamua. Udongo humiminwa, hukauka, hutolewa. Kikombe cha mia mbili hufanana na cha kwanza, na kama kikombe cha kwanza kilikuwa na shingo mbaya, vyote vina shingo mbaya. Ajengaye kwa misokoto ya udongo, mmoja juu ya mwingine, huamua katika kila mzunguko. Akiharakisha, ukuta wa chini ulio bado laini huzama. Akichelewa, msokoto mpya haushikani na ule uliokauka, na ufa utatokea motoni. Methali isemayo udongo uwahi ungali maji hutumika kwa malezi ya watoto, lakini yeyote aliyeibuni alijua kazi hii: kuna saa ambayo udongo husikia, na saa hiyo hupita.

Kisha kuna moto. Katika joko la wazi, ambamo vyombo hufunikwa kwa kuni na nyasi, joto halilingani kila mahali na mara chache hupita digrii 900. Unyevu uliosalia ndani ya ukuta mnene hugeuka mvuke na kukipasua chombo. Upepo ukigeuka, upande mmoja huiva kabla ya mwingine. Kazi ya siku nyingi yaweza kugeuka vigae katika muda mfupi.

Tukilikubali hili, twapata matokeo mawili. La kwanza ni kwamba mkono peke yake hauleti thamani. Kuna vyungu vya mkono vilivyofanywa ovyo, vyenye kuta nene mahali pasipohitaji unene, vyenye mapambo yaliyonakiliwa kwa ajili ya mgeni asiyejua kuchagua. Mhakiki asiyethubutu kuviita vibaya anawadharau wafinyanzi hodari, kwa kuwa amewaweka wote katika kapu moja la huruma. La pili ni kwamba alama za mkono zina maana pale tu zinapokuwa alama za uamuzi. Dole lililosahauliwa ukutani ni ajali. Dole lililoachwa chini ya mdomo, mahali ambapo mnywaji ataweka dole lake, ni fikra.

3. Mtungi uliovishwa kioo: Ladi Kwali

Ladi Kwali alizaliwa mnamo 1925 katika kijiji cha Kwali, eneo la Wagwari, kaskazini ya kati ya Nijeria. Alifundishwa kufinyanga na shangazi yake tangu utotoni. Namna ya kazi ya wanawake wa huko yastahili kuelezwa: chombo hukaa mahali pake, na mfinyanzi huzunguka. Anatembea kinyumenyume kulizunguka tumbo la mtungi, mkono mmoja ndani na mwingine nje, akivuta ukuta uende juu. Hakuna gurudumu, kwa kuwa mwendo wa miguu yake ndio gurudumu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mwingereza Michael Cardew, aliyekuwa mwanafunzi wa kwanza wa Bernard Leach huko St Ives, aliajiriwa na serikali ya kikoloni kuendeleza ufinyanzi nchini Nijeria. Alianzisha kituo cha mafunzo huko Abuja, mji ambao leo waitwa Suleja baada ya jina lake kupewa mji mkuu mpya. Aliiona mitungi ya Ladi Kwali katika nyumba ya Emir wa Abuja, na mwaka 1954 mama huyu akajiunga na kituo, akiwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Tangu hapo alifinyanga mitungi yake mikubwa kwa namna ya nyumbani, akiichanja mijusi, nyoka, nge, samaki na ndege, lakini sasa ilipakwa rojo la madini lenye kuyeyuka motoni na kuwa ngozi ya kioo, kisha ikachomwa katika tanuri lenye joto linalokaribia digrii 1300. Mitungi hiyo ilionyeshwa London katika miaka ya 1958, 1959 na 1962.

Wengi wameusimulia mkutano huu kama ndoa ya heri baina ya Afrika na Ulaya. Sisi twaona kwamba kuna jambo lililopotea, na uhakiki hauna budi kulitaja. Mtungi wa udongo uliochomwa kwa moto mdogo una vinyweleo. Maji hupenya polepole, hutoka nje kama jasho, hukauka kwa upepo, na kwa kukauka huondoa joto. Ndiyo sababu maji ya mtungini ni baridi hata wakati wa jua kali. Mtungi uliovishwa kioo na kuchomwa kwa digrii 1300 hautoki jasho. Maji yake hupata joto kama hewa ya chumba. Kwa hiyo mtungi wa Abuja uliwekewa umbo la mtungi wa Kwali, lakini ukanyang'anywa kazi yake. Tumbo lile pana lililofinyangwa kwa ajili ya kupoza maji likawa tumbo la kutazamwa.

Je, hasara hiyo yaifanya kazi kuwa mbaya? Hapana. Yatubidi tuitazame mitungi yenyewe. Michoro ya wanyama, ambayo juu ya udongo mwekundu wa moto mdogo ilisomeka kwa kivuli cha mchanjo, chini ya kioo ilijaa rangi ya kijani na kahawia, na ule mpaka baina ya nyoka na ukuta ukalainika. Ladi Kwali alielewa hali hiyo. Alijaza michanjo kwa uji wa udongo mweupe na kuupanga uso wa mtungi kwa mikanda, kila mnyama akiwa na nafasi yake, hivi kwamba jicho huzunguka mtungi kama yeye alivyouzunguka alipoujenga. Hapo ndipo tunapomwona mtunzi. Tanuri halikuwa lake, wala rojo la kioo halikuwa lake, wala wanunuzi hawakuwa wa kwao. Lakini uamuzi juu ya jambo la kufanya chini ya hali hizo ulikuwa wake.

Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunukia shahada ya udaktari ya heshima. Alifariki mwaka 1984. Noti ya naira 20 ya Nijeria ina picha yake akiwa na chombo chake. Ni heshima adhimu. Lakini tukumbuke kwamba shangazi aliyemfundisha hana noti, na katika masimulizi mengi hata hatajwi kwa jina.

4. Chombo kisichobeba maji: Magdalene Odundo na Sanga

Miongoni mwa waliofika Abuja kujifunza alikuwa kijana Mkenya, Magdalene Odundo, mwaka 1974. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971, akasomea sanaa Farnham na baadaye katika Royal College of Art, alikohitimu mwaka 1982. Katika miaka hiyo ya 1970 alisafiri pia hadi San Ildefonso, jimbo la New Mexico nchini Marekani, kuona kazi ya Maria Martinez, mfinyanzi wa vyombo vyeusi ambaye tutamrudia hapa chini. Alichokipata kwa wanawake hawa ni jambo moja: chombo chaweza kupewa uso unaong'aa bila kuvishwa kioo.

Odundo hajengi kwa gurudumu. Huvuta donge la udongo, huongeza misokoto, hukwangua ukuta kwa vipande vya kibuyu, husugua kwa jiwe laini, hupaka uji mwembamba wa udongo huo huo, na husugua tena. Moto wa kwanza huwa na hewa ya kutosha, na chuma kilichomo udongoni hutoa rangi nyekundu ya machungwa. Akitaka weusi, hukirudisha chombo motoni pamoja na vitu vyenye kutoa moshi, na kuinyima hewa nafasi, mpaka kaboni iingie katika ngozi ya chombo. Kazi nyingi hazina jina isipokuwa mwaka.

Matokeo yake ni vyombo ambavyo msamiati wetu wa viungo vyaonekana kuwa ulitungwa kwa ajili yao. Tumbo limejaa kama la mja mzito, kisha shingo yapanda kwa ghafla, na mdomo wapanuka na kuinama upande mmoja, kama mtu aliyegeuza kichwa kusikiliza. Mkongo aliyewahi kuona vyungu vya Wamangbetu vyenye vichwa vya binadamu, pamoja na ule mtindo wa nywele uliorefusha kisogo na kufunguka kama ungo, atakumbuka mara moja mstari ule ule wa nyuma ya kichwa. Lakini Odundo hakuchora uso. Ameondoa macho, pua na kinywa, akabakiza mkao wa mwili peke yake. Huo ni uamuzi mgumu kuliko kuchora, kwa kuwa hakuna mahali pa kuficha kosa: mstari mmoja ukipotoka, mwili wote unaanguka.

Hata hivyo kuna pingamizi tusiloweza kulikwepa. Kusugua kwa namna hii hufuta alama zote za vidole. Uso wa chombo cha Odundo ni laini mno hivi kwamba mtazamaji asiye na habari aweza kudhani kimetoka kalibuni. Anayedai kwamba thamani ya kazi ya mkono ni alama ya dole aliyoiacha mfinyanzi hana neno la kusema mbele ya kazi hii. Itambidi aikane, au aikane hoja yake. Sisi twachagua la pili. Tazama shingo iliyoinama: hakuna pande mbili zinazolingana, na hata hivyo chombo kinasimama bila kuyumba. Usawa huo hakupewa na kalibu. Aliutafuta katika kila msokoto. Alama ya dole imefutika, lakini uamuzi umebaki.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Vyombo hivi havibebi maji, havipiki chakula, na vimo katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. Je, si kweli kwamba chombo kisicho na kazi ni mawazo ya kigeni, na kwamba sanaa hii imekwenda mbali na mtungi wa Afrika?

Jibu lipo hapa nyumbani. Kwenye ufuko wa ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, Jean Hiernaux na Jacques Nenquin walifukua makaburi ya Sanga katika miaka ya 1957 na 1958, na Pierre de Maret akaendelea mwaka 1974. Ustaarabu uliopewa jina la Kisale ulianza katika karne ya 8 hivi na kufikia kilele chake kabla ya karne ya 14. Makaburi yake yana vyungu vingi, vyenye kuta nyembamba na vipini vilivyofinyangwa kwa uangalifu mkubwa. Na katika makaburi ya watoto vimo vyombo vidogo, vidogo mno kumpikia mtu yeyote. Mtu fulani alikaa chini na kufinyanga kijungu ambacho alijua hakitaona meko. Alikipa mdomo, shingo na tumbo kwa vipimo sahihi, kisha kikaenda ardhini pamoja na mtoto.

Basi chombo kisichotumika si jambo lililobuniwa na majumba ya maonyesho ya London. Watu wa Upemba walijua, miaka elfu moja iliyopita, kwamba umbo la chombo laweza kubeba maana hata pale lisipobeba maji. Tofauti baina ya kijungu cha Sanga na chombo cha Odundo haimo katika matumizi, kwa kuwa vyote viwili vimeachana na meko. Tofauti ni kwamba mmoja wa watunzi hawa twamjua kwa jina.

5. Suala la jina

Kuna wanaosema kwamba jina halihitajiki. Mjapani Yanagi Soetsu, aliyewaunganisha wenzake katika mwendo wa mingei kuanzia miaka ya 1920 na kufungua makumbusho yake Tokyo mwaka 1936, alifundisha kwamba vitu vya kila siku vilivyofanywa na mafundi wasiojulikana vina uzuri ambao msanii mwenye jina hauwezi kwa sababu ya kiburi chake. Kupitia kwa rafiki yake Leach, fikra hiyo iliwafikia wafinyanzi wengi wa Uingereza. Ina ukweli ndani yake: yatukumbusha kwamba bakuli la wali laweza kushinda sanamu. Lakini huko Afrika kutojulikana hakukutokana na unyenyekevu wa fundi. Jirani zake walimjua vizuri, tena walijua ni nani wa kuepukwa. Aliyekosa jina lake ni mkusanyaji, ambaye aliandika kabila, mto na tarehe, wala hakuuliza jina la mtu.

Wachongaji wetu wameanza kufidiwa. Frans Olbrechts aligundua, katika miaka ya 1930 na 1940, kwamba sanamu kadhaa za Waluba zenye nyuso ndefu zilitoka katika karakana moja, na akamwita mtu huyo Bwana wa Buli kwa jina la kijiji. Baadaye watafiti walipendekeza jina la Ngongo ya Chintu. Mjadala juu ya jina hilo una faida hata kama hautakwisha, kwa kuwa umewalazimisha watu kutazama sanamu moja moja na kuzilinganisha mkono kwa mkono. Kwa vyungu, ambavyo mara nyingi ni kazi ya wanawake, juhudi ya namna hiyo ni chache mno.

Lakini jina nalo lina mtego wake. Maria Martinez wa San Ildefonso alianza kutia sahihi vyombo vyake katika miaka ya 1920, kwa kuwa wanunuzi walitaka sahihi. Walioandika maisha yake wanasimulia kwamba wanawake wenzake walipokosa soko, aliwatilia sahihi yake katika vyombo vyao ili nao wauze. Kwa mwenye duka, huo ni udanganyifu. Kwa Maria, jina lilikuwa kama kisima cha kijiji. Kisa hiki chatuonyesha maana mbili za jina: jina la biashara, ambalo hupandisha bei bila kumfundisha mtazamaji kitu, na jina la mtunzi, ambalo hutuwezesha kuuliza kwa nini mtu huyu alifanya hivi wala hakufanya vile. Uhakiki unahitaji hili la pili. Tukilifuata la kwanza tu, tutawainua wafinyanzi watatu au wanne duniani na kuwaacha wengine wote katika lile kabati la zamani.

Methali yetu inasema: mfinyanzi hulia gaeni. Kwa kawaida yafasiriwa kwamba fundi hajijali mwenyewe. Yaweza kusomwa kwa ukali zaidi. Vyombo vizima vimekwenda kwa wengine, na aliyevifanya amebaki na kipande. Maelfu ya vyombo kutoka Kongo yamo katika makumbusho ya Ulaya, vikiwa vizima. Jina la aliyevifinyanga halimo hata gaeni.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba thamani ya chombo kilichofinyangwa haitokani na mkono kama mkono, wala na matumizi peke yake, wala na bei ya mnada. Yatokana na maamuzi yaliyofanywa katika hatari ya udongo na moto. Ladi Kwali alipoteza jasho la mtungi, akaamua upya juu ya uso wake. Magdalene Odundo alifuta alama za vidole, akabakiza mkao. Mfinyanzi wa Sanga alipunguza chungu mpaka kikalingana na mtoto.

Wanafunzi wetu hufundishwa kueleza tamathali za shairi, na ni vema. Waweza pia kufundishwa kueleza shingo ya mtungi kwa Kiswahili, kusema kama imefaulu au imeshindwa, na kutoa sababu. Na kwa kuwa wafinyanzi wangali wakifanya kazi katika vijiji vyetu na pembezoni mwa miji yetu, kila atakayekwenda kwao kwa ajili ya utafiti, iwe ni utafiti wa isimu, wa historia au wa mila, aandike jina la mfinyanzi kabla ya jina la kabila, na amwulize kipi kati ya vyombo vyake anakiona kibaya. Jibu la swali hilo litatufundisha mengi, maana mfinyanzi ni mhakiki wa kwanza wa kazi yake, na kwa muda mrefu hatujamsikiliza.